Mgeni wa Anasa na Jembe la Siku ya Tatu

Katika muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la jioni, ambao wote ni watu wazima wenye kazi zao hapa Kampala, zoezi la kuandika insha ya mpango. Shabaha yangu ilikuwa ndogo: nilitaka wazoee wakati ujao na kauli za vitenzi. Mmoja wao, afanyaye kazi katika ofisi ya kuandaa safari, aliona hana haja ya kubuni. Aliniletea mpango aliokuwa akiutayarisha kweli kwa ajili ya wateja wake, mume na mke wenye mali nyingi, waliotaka kupumzika kwa siku 12 katika pwani ya Dalmatia nchini Kroatia, kwenye Bahari ya Adriatiki ambayo ni mkono wa Bahari ya Mediterania.

Insha ile ilikuwa safi. Upatanisho wa ngeli haukuwa na doa, na tahajia ilikuwa sawa. Lakini nilipoisoma mara ya pili, kalamu nyekundu mkononi, niliona jambo. Wasafiri wale "watapokewa" uwanjani, "watabebewa" mizigo, "watafunguliwa" milango, "wataendeshewa" mashua, "watapikiwa" samaki, "watatandikiwa" vitanda, na usiku "watapigiwa" muziki. Takriban vitenzi vyote vilikuwa katika kauli ya kutendewa, na baada ya kila kitenzi hapakuwa na mtenda. Mizigo itabebwa, lakini hapana mchukuzi. Samaki atapikwa, lakini hapana mpishi. Nikaandika pembeni, tena na tena, neno moja: "Nani?"

Mwanafunzi aliporudishiwa daftari lake aliniuliza, "Mwalimu, hili ni kosa la sarufi?" Nikamjibu kwamba si kosa la sarufi. "Basi ni kosa la nini?" Swali hilo sikuweza kulijibu pale pale darasani, na makala haya ni jaribio la kulijibu.

Mpango wenyewe

Ni haki kwanza tuueleze mpango wenyewe, ili tusije tukauhukumu bila kuujua. Kroatia ina visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya 1,200, na katika hivyo ni vipatavyo 50 tu vikaliwavyo na watu. Mwanafunzi wangu aliijua kazi yake. Aliwachagulia wateja mwezi wa Septemba, maana Julai na Agosti jua ni kali na watu ni wengi kupita kiasi, hali Septemba maji ya bahari yangali na uvuguvugu na zabibu zinavunwa. Aliwakodia mashua kubwa yenye nahodha. Aliwatahadharisha juu ya upepo uitwao bura, ushukao ghafula kutoka milimani ukiwa wa baridi na wenye nguvu. Safari ingeanzia mji wa Split, ipitie visiwa vya Brač, Hvar, Vis, Korčula na Mljet, kisha imalizikie Dubrovnik, mji wa kale uliozungushiwa ukuta. Dubrovnik wenyewe ulitengewa nusu ya siku.

Mambo ya kale yalitajwa kwa mstari mmoja mmoja, kama mtu ahesabuye vyombo vya nyumba. Hata hivyo, mstari wa kwanza ulinishika. Ulisema kwamba mji wa kale wa Split umo ndani ya kuta za kasri la Kaisari Diocletian wa Roma. Mtu huyu alijiuzulu mwaka 305 kwa hiari yake, jambo lisilo la kawaida kwa wenye enzi, akaja kukaa katika kasri alilojengewa hapo ufukoni. Twaweza kusema kwamba ndiye mtu mashuhuri wa kwanza kuitafuta pwani hiyo kwa ajili ya mapumziko. Yasimuliwa tangu zamani kwamba wenzake walipomsihi arejee kwenye utawala, aliwajibu kuwa laiti wangeiona mboga aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe, wasingemshauri hivyo. Hatumsifu katika yote. Ni yeye aliyewatesa Wakristo vikali kuanzia mwaka 303. Lakini yafaa tuzingatie hili: mtu aliyekuwa na watumishi wa kumtendea kila kitu, alipopata kupumzika alilitafuta jembe.

Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alipotaka kuonyesha kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Kwa kawaida twaifasiri methali hii kuwa ni kinga ya mwenyeji, asije akanyonywa. Mimi naona ni kinga ya mgeni vilevile. Mgeni asiyepewa jembe hata siku ya kumi, huyo hajakubaliwa; angali nje ya nyumba ingawa amelala kitandani. Apewaye jembe amepewa nafasi miongoni mwa watu.

Hoja ya fedha

Mtetezi wa anasa atasema hivi: jembe la mgeni huyu ni fedha yake. Ameifanyia kazi kwao, ameileta kwa mwenyeji, na mwenyeji ameipokea kwa furaha. Je, ana deni gani tena?

Hoja hii ni nzito, na mwalimu asiyejua gharama ya chakula cha wageni asiipuuze. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wadudu waitwao filoksera waliiharibu mizabibu ya Dalmatia. Watu wa visiwani, ambao mizabibu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba na benki yao, walihama kwa wingi kwenda Chile, Marekani, Australia na New Zealand. Nyumba za mawe zilibaki magofu. Mengi ya magofu hayo yamepata mapaa tena kwa sababu ya mgeni. Mwaka 2023 Kroatia, nchi yenye watu wasiotimia milioni 4 kwa sensa ya mwaka 2021, ilipokea wageni zaidi ya milioni 20. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hapa methali yasema kweli tupu.

Lakini tutazame fedha inaweza kulipa nini, na nini haiwezi. Fedha hulipa kazi. Hulipa samaki, shuka safi, na saa za nahodha. Haiwezi kulipa mji, kwa kuwa mji si mali ya yule apokeaye malipo peke yake. Neno letu "mwenyeji" asili yake ni "mwenye mji". Basi na tuuangalie mji wa Dubrovnik kwa neno hilo. Mwaka 1991 ndani ya kuta zake walikaa watu wapatao 5,000. Siku hizi ni chini ya 2,000. Nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, na mahali palipouzwa mahitaji ya kila siku pamekuwa maduka ya vikumbusho. Hakuna aliyewafukuza watu hao kwa fimbo. Kila mmoja alipata bei nzuri akaondoka, na kila mgeni alilipa alichodaiwa. Hakuna mmoja aliyekosa, na bado mji unaishiwa na wenyewe. Hapo ndipo ilipo shida ya kimaadili: dhara lisilo na mwizi.

Mji ulioujua ugeni

Ajabu ni kwamba mji huohuo, ulipokuwa jamhuri ndogo iliyoitwa Ragusa, ulikuwa mwalimu wa mambo ya wageni. Uliishi kwa biashara ya bahari, hivyo haukuweza kuwachukia. Mwaka 1377, wakati tauni ilipoitisha dunia, baraza lake lilipitisha amri kwamba watokao mahali penye tauni wasiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mmoja katika kijisiwa cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Ndio mwanzo wa utaratibu ambao Kiswahili nacho kimeupokea kwa jina la karantini. Mwaka 1416 jamhuri hiyo ilipiga marufuku biashara ya watumwa. Na mwaka 1438 mhandisi Onofrio della Cava alikamilisha chemchemi kubwa mara tu uingiapo kwa lango la magharibi, maji yake yakiletwa kutoka chemchemi za asili zilizo umbali wa kilomita zipatazo 12. Chemchemi hiyo ingalipo, na msafiri hunywa hata leo.

Tazama hekima ya watu hao. Langoni wameweka maji, na mbele ya lango wameweka mpaka. Ukarimu wao haukuwa wa kufungua kila mlango kwa kila ajaye na dhahabu. Juu ya mlango wa ngome yao ya Lovrijenac waliandika kwa Kilatini kwamba uhuru si kitu cha kuuzwa, hata kwa dhahabu yote ya dunia. Leo mji umelazimika kuukumbuka mpaka ule. Tangu mwaka 2019 umekuwa ukizuia meli kubwa za utalii zisizidi mbili kwa wakati mmoja, na umewaomba wageni wanyanyue masanduku yao yenye magurudumu badala ya kuyaburuta juu ya mawe ya njia, ili wenyeji waliobaki wapate kulala.

Msafiri apandaye juu ya ukuta wa Dubrovnik husifu rangi ya vigae vya mapaa. Vigae vyenye rangi iliyofifia ni vya zamani. Vile ving'aavyo, ambavyo ndivyo vingi, viliwekwa baada ya mji kupigwa mizinga katika vita vya mwaka 1991 na 1992. Siku iliyokuwa mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 6 Desemba 1991. Mgeni wa nusu ya siku hupiga picha ya kovu akidhani ni pambo. Hatendi dhambi kwa kutojua. Lakini mpango uliomnyima wasaa wa kujua, huo wastahili kuulizwa.

Jibu la "Nani?"

Sasa niungame jambo, maana msomaji mwerevu amekwisha kulishuku. Je, makala haya si wivu wa mwalimu ambaye hajapata kulala katika hoteli ya namna hiyo? Kwa hakika, nilipousoma mpango ule niliingiwa na tamaa. Nilitamani chakula kile, na zaidi nilitamani asubuhi ile isiyo na kengele. Mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika, na sioni kwamba maskini atashiba kwa kuwa tajiri amelala njaa.

Lakini lilikuwako jambo jingine. Binti wa dada yangu anafanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja kubwa katika nchi za Ghuba. Vijana wengi wa Uganda wameifuata kazi ya nyumbani na ya hoteli huko; na Kroatia kadhalika, kwa kuwa vijana wake wengi wamekwenda kutafuta kazi katika nchi nyingine za Ulaya, huajiri wafanyakazi kutoka Nepal, Ufilipino na India. Nilipomwuliza binti huyu kama wageni humtesa, alisema, "Hapana, mjomba. Wengi wana adabu. Ila katika miaka miwili ni mgeni mmoja tu aliyeniuliza jina langu." Kwa hiyo nilipoandika "Nani?" katika daftari la mwanafunzi, jina lake nilikuwa nalijua.

Mwaka 1970 palizuka mjadala mkali jijini Dar es Salaam, ukaendeshwa magazetini, juu ya nafasi ya utalii katika nchi inayojenga ujamaa; Issa Shivji aliuhariri ukatolewa kuwa kitabu mwaka 1973. Walioupinga utalii waliuliza utamfanya mwenyeji kuwa mtu wa namna gani: je, hatageuka mtumishi katika nchi yake? Swali hilo lilikuwa la haki. Mimi napenda kuligeuza upande wa pili: anasa humfanya mgeni kuwa mtu wa namna gani?

Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha, na kwamba katika faragha ndimo mtu huonyesha yeye ni nani. Aliona mbali, lakini hakuona karibu, kwani faragha aliyoisifu ilibebwa na watumwa. Immanuel Kant alitufaa zaidi alipofundisha kwamba mtu asitumiwe kuwa chombo tu, bali siku zote aheshimiwe pia kuwa ni lengo kwa nafsi yake. Neno zito humo ni lile dogo, "tu". Kutumikiana si aibu. Mwalimu hutumika, daktari hutumika, nahodha hutumika. Aibu ni kumfuta mtumishi katika sentensi, abaki kitenzi bila mtenda.

Lugha yetu inatupa fundisho hapa. Twasema kutenda, kutendewa na kutendeana. Mtoto mchanga huanza kwa kutendewa, akikua hutenda, akikomaa hujua kutendeana. Anasa isiyo na kiasi humrudisha mtu mzima kwenye kauli ya mtoto mchanga na kumwambia kwamba huko ndiko kupumzika. Lakini "pumzika" ni ndugu wa "pumua": ni kuirudisha pumzi, ili mtu arudi kutenda. Hata neno "anasa" lenyewe, ambalo siku hizi twalisikia kama jina la dhahabu na vyakula vingi, lahusishwa na shina la Kiarabu lenye maana ya kuzoeana na kufurahia uenzi wa watu. Kama ni hivyo, basi mpango usio na watu umepungukiwa na anasa yenyewe.

Mizani tatu

Jioni moja tulilijadili jambo hili darasani, tukakubaliana juu ya mizani tatu za kupimia mpango wa mapumziko, uwe wa tajiri au wa mwalimu.

Ya kwanza ni mizani ya jina: je, wanaomtendea mgeni wana majina katika mpango, na je, mgeni ameandaliwa angalau kuwasalimu na kuwashukuru kwa lugha yao? Mkroati ukimwambia "dobar dan" umemwamkia, na ukimwambia "hvala" umemshukuru. Maneno hayo hayana gharama, na walimu wa lugha twajua yanafungua nini.

Ya pili ni mizani ya mji: je, mgeni akiondoka, mwenyeji atabaki na mji, maji na bahari yake? Visiwa vya Brač na Hvar hupata maji kwa mabomba yapitayo chini ya bahari kutoka mto Cetina wa bara. Ajazaye bwawa la kuogelea kisiwani na ajue maji hayo yametoka wapi. Nanga ya mashua itupwayo ovyo hung'oa majani ya baharini yaitwayo posidonia, ambayo hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka na ambamo samaki hukulia.

Ya tatu ni mizani ya jembe: je, kuna siku ambayo mgeni atakuwa mtenda?

Mwanafunzi wangu aliuandika upya mpango wake. Aliondoa Brač na Mljet, akawapa wateja siku tatu za Dubrovnik, wakikaa kwa familia ambayo yenyewe inaishi humo. Aliuliza jina la nahodha na kijiji chake, akaviandika. Katika kisiwa cha Hvar aliongeza asubuhi moja ya kuvuna zabibu pamoja na wakulima wa uwanda wa Stari Grad. Huko Wagiriki kutoka Paros waliyagawa mashamba kwa kuta za mawe mwaka 384 kabla ya Kristo, na mipaka ile inalimwa mpaka leo.

Wateja walikubali nusu. Walipenda siku za Dubrovnik. Mke alikubali kuvuna. Mume alikataa katakata. Alisema hakufanya kazi miaka 30 ili alipe fedha akavune zabibu za mtu mwingine. Mwanafunzi alipotusimulia, darasa lilicheka, kisha mama mmoja mwuguzi akasema, "Lakini, Mwalimu, bwana yule ana haki. Jembe linalolipiwa si jembe, ni mchezo."

Nilinyamaza kidogo, maana alikuwa amenipiga penye udhaifu. Kazi ya saa mbili, inayopigwa picha na kulipiwa, haimfanyi mgeni kuwa mwana wa nyumba. Nakiri hivyo. Lakini sikubali kwamba kwa sababu jembe la kweli ni gumu kupatikana, basi yafaa tukae katika kutendewa. Jembe la siku ya tatu si lazima liwe la chuma. Kulijua jina la mtu ni jembe. Kuliacha bwawa tupu katika kisiwa chenye kiu ni jembe. Kukubali kwamba mahali fulani pamejaa, ukageuza mashua na kurudi mwaka mwingine, hilo ni jembe zito kwa mtu aliyezoea kufunguliwa milango.

Hivyo ndivyo ningemjibu mwanafunzi wangu: kosa lako lilikuwa la kumsahau mtu, na sarufi ndiyo iliyolifichua. Haya ni maoni yangu. Walimu wenzangu watakaoona nimepotoka na waandike katika kurasa hizi, na watakaopenda wawape wanafunzi wao swali lilelile lililotugawa sisi: je, bwana aliyekataa kuvuna alikuwa na haki?